"Ni za Zamani" Si Jibu: Historia Fupi ya Watu Waliohangaika na Kompyuta Mbovu



Vyumba vingi vya kompyuta kambini vina kona ya kompyuta zilizokufa. Kwetu ziko chini ya meza ya nyuma, zimefunikwa turubai. Ukiuliza zina shida gani, jibu ni moja tu: "Ni za zamani." Basi, mazungumzo yameisha. Na huku nje foleni ya vijana wanaosubiri mashine chache zilizobaki, wajaze fomu za masomo kabla tarehe haijapita, inazidi kuwa ndefu.

Leo nataka kubishana na jibu hilo, na nitabishana nalo kwa historia. Ukisoma kompyuta zilianzaje, unakuta kwamba hata zilipokuwa mpya kabisa zilikuwa zinakufa kila mara. Kilichozifanya zifanye kazi ni watu waliokaa nazo mpaka wakajua zinakufa saa ngapi, wapi, na kwa nini.

Fundi wa simu aliyekatazwa

Tuanze Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kulikuwa na fundi wa Posta anaitwa Tommy Flowers. Wakati ule Posta ya Uingereza ndiyo iliyokuwa inaendesha simu. Flowers alikuwa mtoto wa mwashi kutoka mashariki ya London, na elimu yake ya uhandisi aliipata kwa masomo ya jioni, baada ya kazi.

Watu wa Bletchley Park, kituo cha siri cha kufumbua ujumbe wa jeshi la Ujerumani, walihitaji mashine ya kasi sana. Flowers akapendekeza mashine yenye vali kama 1,600. Vali ni kifaa cha kioo kinachofanana na balbu. Ndani kuna uzi unaopata moto, na kazi yake ni kupitisha au kuzuia umeme. Leo kazi hiyo inafanywa na transista ndogo kuliko vumbi. Wakubwa wengi wakamwambia haiwezekani. Vali zinaungua ovyo, ukiweka 1,600 pamoja si kila saa moja itakuwa imekufa?

Swali lao halikuwa la kijinga. Ila Flowers alikuwa amefanya kazi na vali kwenye mitambo ya simu kabla ya vita, na alijua jambo wasilolijua: vali haifi sana ikiwa inawaka, inakufa wakati wa kuwasha na kuzima. Uzi ukipata moto unatanuka, ukipoa unasinyaa. Ni kama waya unaoupinda huku na huku mpaka unakatika. Kwa hiyo yeye alisema: tuiwashe, halafu tusiizime.

Mashine hiyo, Colossus, ilianza kazi Bletchley Park mwanzoni mwa 1944. Ya pili, kubwa zaidi, ilikuwa tayari tarehe 1 Juni 1944, siku tano kabla ya majeshi kushuka Normandy. Vita ilipoisha zilikuwa kumi. Halafu nyingi zikabomolewa kwa sababu ya siri, Flowers mwenyewe akaamriwa kuchoma michoro, na watu wa nje hawakusikia habari zake mpaka miaka ya 1970.

Mtoto wa Kiairishi na vali 18,000

Sasa tuvuke bahari mpaka Philadelphia, Marekani. Februari 1946 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilionyesha kompyuta ya ENIAC, iliyobuniwa na John Mauchly na Presper Eckert. Ilikuwa na vali karibu 18,000 na uzito wa tani 30 hivi. Hapa hofu ya wale wakubwa wa Uingereza ilikuwa ya kweli kabisa: mwanzoni vali ziliungua karibu kila siku.

Eckert hakuwa na vali bora za kununua. Alichofanya ni kuzitunza. Kwanza, alizipa umeme chini ya kiwango ambacho zingeweza kubeba, zisichoke haraka. Pili, sehemu nyingi alizitengeneza kama visanduku vya kuchomoa, ili kikiharibika kimoja unachomeka kingine na kazi inaendelea. Tatu, alifanya jambo ambalo sisi wa kambini tutalielewa vizuri kuliko mtu yeyote: aliwapima panya. Aliwaweka na njaa, akawapa vipande vya waya za aina mbalimbali, akachagua waya ambao panya hawakuupenda.

Kama Flowers, watu wa ENIAC nao walikuta kwamba vali nyingi hufa wakati wa kuwasha na kuzima, wakaanza kuiacha inawaka. Kidogo kidogo hitilafu zikapungua mpaka vali moja hivi kwa siku mbili. Mwaka 1954 ilifanya kazi saa 116 mfululizo bila kuharibika.

Lakini vali iliyokufa kati ya 18,000 unaipataje? Hapa wanaingia wanawake sita waliopewa kazi ya kuipangia mashine hiyo mahesabu: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hawakupewa kitabu cha maelekezo, kwa sababu hakikuwepo. Walipewa michoro, wakaisoma, wakawauliza wahandisi maswali, mpaka wakaijua mashine kwa ndani. Jibu likitoka vibaya waliweza kufuata njia ya umeme nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye vali yenyewe. Siku ya maonyesho programu yao ndiyo iliyowashangaza wageni. Jioni kukawa na chakula cha kusherehekea. Wao hawakualikwa.

Kay McNulty alizaliwa Ireland mwaka 1921. Usiku aliozaliwa, baba yake alikamatwa kwa sababu za kisiasa, akafungwa miaka miwili. Alipotoka familia ikahamia Marekani, na Kay alifika kule akiwa mtoto mdogo asiyejua neno la Kiingereza. Nimeandika hili kwa ajili ya yeyote anayedhani kwamba kufungua kompyuta ni kazi ya watu wengine.

Daftari lenye mdudu

Hadithi ya tatu wengi mmeisikia nusu. Tarehe 9 Septemba 1947, watu waliokuwa wanaendesha kompyuta ya Mark II pale Chuo Kikuu cha Harvard walikuta nondo amekwama ndani ya rilei, yaani swichi inayofunguka na kufunga kwa sumaku. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi. Watu husema ndo mwanzo wa kuita kosa la kompyuta "mdudu". Si kweli. Thomas Edison alitumia neno hilo kwa hitilafu za mitambo yake miaka ya 1870, na ndiyo maana wale wa Harvard waliona kichekesho: safari hii mdudu alikuwa mdudu wa kweli.

Mimi kinachonigusa ni daftari. Kila hitilafu iliandikwa, na saa yake. Leo daftari hilo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani, na nondo bado yumo. Sasa jiulize: mashine za chumba chenu ziliharibika lini, na zilionyesha nini kabla ya kufa? Nani aliandika?

Kuna na hatua ya nne. Chuo cha MIT kilikuwa na kompyuta inaitwa Whirlwind, chini ya Jay Forrester. Hao hawakusubiri vali ife katikati ya kazi. Walitenga muda wa ukaguzi, na katika muda huo walipandisha na kushusha umeme kwa makusudi. Vali nzima ilivumilia, iliyochoka ilishindwa palepale, wakaitoa mapema. Wazee wetu wangesema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Turudi chini ya turubai

Mtu atasema vali zimekwisha, hayo yanatuhusu nini? Basi tusogee karibu. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kompyuta nyingi duniani zilikufa mapema kwa sababu ya kapasita mbovu. Kapasita ni vile vikopo vidogo vinavyosimama kwenye madabodi, kazi yake ni kutuliza umeme. Baadhi ya viwanda vilitumia kimiminika cha ndani kisichofaa, kikawa kinatoa gesi, kikopo kinavimba na kupasuka juu. Baadhi ya kompyuta kubwa za mezani tulizoletewa kama msaada ni za miaka hiyo. Zikifunguliwa, unaona kwa macho: badala ya kichwa bapa, kikopo kina kitambi, au kimetoa uchafu wa rangi ya kahawia. Fundi anayechomelea redio sokoni anaweza kukibadilisha, akiweka chenye namba ileile ya mikrofaradi, na volti ileile au zaidi. Tahadhari moja: kisanduku cha pawa saplai usikifungue, kinabaki na umeme hata ukishachomoa waya wa ukutani.

Ila tusiige kama kasuku. Flowers alisema usizime. Sisi jenereta inazimwa hata kama hatutaki, na umeme ukirudi unarudi kwa kishindo. Kwa hiyo tuchukue sababu yake badala ya sheria yake: mashine inaumizwa na mabadiliko ya ghafla. Kwetu hiyo maana yake ni kuzima kompyuta zote kabla saa ya jenereta kukatwa haijafika, kuchomoa waya, na umeme ukirudi kusubiri utulie ndipo tuwashe, moja baada ya nyingine, kupitia stebilaiza.

Na mashine ikigoma, tufuate njia nyuma kama wale wanawake sita. Je, umeme unafika? Jaribu waya na soketi nyingine. Feni inazunguka? Kama inazunguka lakini kioo ni cheusi, sikiliza mlio: mashine hujikagua yenyewe inapowaka, na milio ikijirudia inakueleza kitu. Chomoa RAM, futa vumbi, safisha meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, rudisha. Kama tarehe inarudi miaka ya nyuma kila ukiwasha, ni betri ndogo ya CR2032, ya volti 3, imekwisha. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya ni kipi. Na kila ulichofanya kiandikwe.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina maneno mawili, na nayasema kwa heshima. La kwanza: mkileta kompyuta ishirini, tafadhali bajeti iwe pia na stebilaiza, betri, kapasita, brashi za vumbi, na posho kidogo ya mtu wa kuzitunza. Hata ENIAC, fahari ya nchi tajiri, isingemaliza wiki bila watu wa kuitunza. La pili: kabla hamjaandika "chakavu" na kuita gari la kuzibeba, tupeni siku chache. Tatu zilizokufa zinaweza kutoa moja iliyo hai, kama visanduku vya Eckert. Zile zitakazobaki tutawaandikia kila moja ilikufa kwa nini, na hata hiyo itawasaidia mnapochagua msaada unaofuata.

Kwa vijana wenzangu: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kikundi chetu kimenunua daftari moja la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza una mistari minne: namba ya mashine, tarehe, imeonyesha nini, tumefanya nini. Tutakuwa chumba cha kompyuta kila Jumamosi saa nane mchana, tukianza na zile za chini ya turubai. Wasichana karibuni sana, na anayejua kuchomelea aje na vifaa vyake. Mlioko kambi nyingine, tuandikieni hapa chini mashine zenu zinagoma vipi. Tutanakili kwenye daftari.