Mchumia juani na sikukuu ya kuaga kiangazi

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, miaka michache iliyopita, ilinikuta Chicago kwa binti yangu. Nilikuwa nimezoea kumwona mkwe wangu akitoka alfajiri na kurudi usiku, lakini siku hiyo aliamka saa tatu, akavaa kaptura na kwenda uani kuwasha jiko la makaa. Kufikia saa sita majirani walikuwa wamefika na watoto wao: huyu na mahindi, yule na tikitimaji, mwingine na viti vya kukunja. Watoto walirushiana maji hadi nyasi zikawa tope. Harufu ya nyama ilipopanda, nilijihisi niko Kenya.

Hata hivyo, furaha ile ilikuwa na chembe ya huzuni. Bwawa la kuogelea la mtaa lingefungwa jioni hiyo hadi mwaka ujao. Watu wazima walizungumzia baridi inayokuja kama wanaozungumzia mgeni mkorofi. Walikuwa wanaaga kiangazi. (Natumia "kiangazi" kwa kukosa jingine. Kwetu neno hilo lina jua kali na ardhi kavu, ilhali kiangazi cha Chicago kina joto na mvua pia. Wengine husema "majira ya joto", na sina ugomvi nao.) Kwa hesabu za wanajimu, majira hayo hudumu hadi Septemba 22 hivi. Kwa hesabu ya watu wa kawaida, yanakwisha Jumatatu hiyo.

Mjukuu wangu, wakati huo akiwa na miaka sita, alinijia na mfupa mkononi. "Babu, leo ni siku ya nini?"

"Ya wafanyakazi," nikamjibu.

"Mbona hakuna anayefanya kazi?"

Tulicheka sote. Jirani mmoja akasema ni siku ya kuaga kiangazi tu, hilo jina ni la zamani. Mimi, kwa vile ualimu hauniishi mwilini, nikaona swali la mtoto linastahili jibu. Jibu lenyewe ni refu kidogo.

Mnamo Septemba 5, 1882, wafanyakazi wapatao 10,000 waliandamana katika barabara za New York. Ilikuwa Jumanne, siku ya kazi, na aliyeandamana alikubali kupoteza ujira wake wa siku hiyo. Baada ya maandamano walikwenda kwenye bustani na wake zao, watoto wao na marafiki, wakala, wakanywa, wakasikiliza hotuba na muziki. Kwa hiyo watoto hawakuivamia sikukuu hii baadaye. Walikuwamo tangu siku ya kwanza. Nani aliyebuni wazo hilo? Wapo wanaomtaja seremala Peter McGuire, na wapo wanaomtaja fundi wa mitambo Matthew Maguire. Majina yanakaribiana kiasi kwamba ubishi wenyewe unachekesha. McGuire alieleza kwamba tarehe ilichaguliwa kwa kuwa iko katikati ya sikukuu ya uhuru ya Julai 4 na Siku ya Shukrani ya Novemba, kipindi kilichokuwa kirefu bila mapumziko.

Jimbo la Oregon lilikuwa la kwanza kuitambua siku hiyo kisheria, mwaka 1887. Serikali kuu ilingoja hadi 1894, na hapo ndipo hadithi inaporudi Chicago. Kusini mwa jiji hilo, tajiri George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulala ya garimoshi, alikuwa amejenga mji mzima wa wafanyakazi wake. Nilikwenda kuutazama siku iliyofuata. Siku hizi ni hifadhi ya kihistoria. Nyumba ni za matofali, zimejipanga vizuri. Tatizo ni kwamba mwajiri alikuwa pia mwenye nyumba. Uchumi ulipoyumba mwaka 1893, alipunguza mishahara kwa takriban robo, lakini kodi ya nyumba akaiacha pale pale.

Mtu analipwa kidogo, analipa kodi kamili, anarudi mezani na senti chache. Mei 1894 wakagoma. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa reli katika majimbo mengi walikataa kuhudumia garimoshi lolote lenye mabehewa ya Pullman. Mnamo Juni 28, 1894, ugomvi ukiwa umepamba moto, Rais Grover Cleveland alitia saini sheria iliyoifanya Jumatatu ya kwanza ya Septemba kuwa sikukuu ya taifa ya wafanyakazi. Haikupita hata wiki moja kabla ya rais huyo huyo kupeleka wanajeshi Chicago kuvunja mgomo. Watu waliuawa, na kiongozi wa mgomo, Eugene Debs, akafungwa jela. Wafanyakazi walipewa sikukuu kwa mkono wa kulia na risasi kwa mkono wa kushoto.

Tuna methali isemayo: mchumia juani hulia kivulini. Nimeifundisha kwa miaka mingi, na kila mwaka nawauliza wanafunzi: "hulia" hiyo ni ipi? Kitenzi "la" kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea huwa "lia", na hakitofautiani kwa sauti na "lia" ya machozi. Tunafundisha kwamba maana ni kula: aliyetaabika juani atapumzika akila kivulini. Lakini wanafunzi watundu husema wamewaona wengi waliochumia juani wakamaliza kwa machozi. Watu wa Pullman wangewaunga mkono.

Tena hata ndani ya mgomo ule wapo walioachwa nje. Chama cha wafanyakazi wa reli hakikuwakubali watu Weusi, ilhali waliowahudumia abiria ndani ya mabehewa ya Pullman usiku kucha walikuwa Weusi. Hawa waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na walipata mkataba na kampuni hiyo mwaka 1937.

Je, majirani wa binti yangu wameisahau historia hii kwa kuigeuza sherehe ya nyama na maji? Nilipoanza kusoma habari hizi nilidhani hivyo. Sasa sina hakika. Dai kubwa la wafanyakazi wa enzi ile lilikuwa saa. Walitaka kazi ya saa nane, ili wabakiwe na muda wa kulala na muda wa kuishi. Na sensa ya Marekani ya mwaka 1900 ilihesabu watoto takriban milioni 1.75, wa umri wa miaka 10 hadi 15, waliokuwa wakifanya kazi. Hadi sheria ya mwaka 1938, hapakuwa na marufuku ya kudumu ya taifa zima dhidi ya ajira ya watoto. Baba anayeshinda uani akirushiwa maji na mwanawe anakula matunda ya mapambano hayo, hata kama hajui mti ulipandwa na nani.

Sisi nasi tuna siku yetu. Mkenya huiita Leba Dei, Mtanzania Mei Mosi. Nayo chimbuko lake ni Chicago. Mnamo Mei 1, 1886, wafanyakazi wa Marekani waligoma kudai saa nane. Siku tatu baadaye bomu lilirushwa katika mkutano jijini humo, polisi na wafanyakazi wakafa, na mwaka uliofuata wanaume wanne wakanyongwa. Mkutano wa wanasoshalisti mjini Paris mwaka 1889 ukaichagua Mei 1 kuwa siku ya madai hayo. Hivyo nchi nyingi duniani huikumbuka Chicago kila Mei, huku Chicago yenyewe ikisherehekea Septemba.

Kwetu Mei 1 ni ya hotuba. Viongozi wa vyama husema, rais huzungumza, na sisi wengine tunasubiri kusikia kama kima cha chini cha mshahara kimepanda. Mara nyingi huwa ni wiki hizo hizo ambapo watoto wetu wanamaliza likizo ya Aprili na kurejea shuleni, lakini watoto hawatajwi. Wamarekani wamebakiwa na watoto wakapoteza hotuba. Sisi tumebakiwa na hotuba tukapoteza watoto.

Nasema "sisi" kwa sababu nami nimo. Jioni ile ya Chicago nilitumwa dukani kununua barafu. Kwenye kaunta alikuwapo mama wa makamo, amechoka, akaniuliza kwa upole kama tunaifurahia sikukuu. Nilikuwa nimetia barafu mfukoni kabla ya swali lake kunichoma. Nikamkumbuka dada anayetusaidia kazi nyumbani Nairobi. Miaka yote hiyo, kila Mei 1, nilikuwa nikikaa sebuleni kutazama hotuba za haki za wafanyakazi kwenye runinga, naye akinipakulia chakula. Sikuwahi kumuuliza watoto wake wanarudi shuleni lini.

Nilimuuliza Aprili iliyofuata. Tangu hapo huondoka tarehe 28 na kurudi akishawasindikiza wanawe hadi lango la shule, na mshahara wake haukatwi. Siku hizo chakula napika mimi. Ugali wangu una madonge, lakini tunaula.