Kitambaa cha dari ya gari kinapolegea, gundi peke yake haitoshi

WAMILIKI wa magari ya zamani mjini Morogoro wanaifahamu vema dalili hii. Kitambaa kinachofunika dari ndani ya gari huanza kuachia pembeni, mara nyingi karibu na kioo cha nyuma, kisha hutuna katikati mithili ya turubai lililobeba maji ya mvua. Kikiachwa hushuka hadi kwenye vichwa vya abiria na kuziba kioo cha ndani anachokitegemea dereva kuona magari yaliyo nyuma yake. Anayeteremka kutoka Mgeta, katika barabara yenye kona kali, hana nafasi ya kutumia mkono mmoja kusukuma kitambaa juu.

Wengi hukimbilia pini, au humwaga gundi kidogo nyuma ya kitambaa na kukigandamiza kwa kiganja. Siku chache baadaye kitambaa hushuka tena, na safari hii kikiwa na madoa. Lawama hutupiwa gundi, ingawa kasoro iko kwingine.

Dari ya magari mengi ya sasa ina tabaka tatu: ubao mwepesi uliofinyangwa kwa umbo la paa, sponji nyembamba, na kitambaa kinachoonekana. Kitambaa hakikubandikwa kwenye ubao, bali kimeshikana na sponji, na sponji ndiyo iliyobandikwa kwenye ubao. Sponji hiyo ni ya jamii ya poliuretani, ambayo huzeeka kwa joto na unyevu: minyororo yake ya kemikali hukatika kidogo kidogo hadi inageuka unga unaonata vidoleni. Gundi mpya inayopakwa juu ya unga huo hushika unga tu, nao haujashika kitu.

Mazingira ya Morogoro huharakisha uharibifu huo. Mji uko kwenye kiasi cha mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, na gari la rangi nyeusi likishinda juani, bati la paa lake laweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa upande mwingine, miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, kuelekea Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi kuliko mji wenyewe, na gari linalopanda na kushuka huko hulala na unyevu. Tena magari mengi huwa yamekwisha kula miaka yake Japani kabla ya kuvuka bahari. Kenya hukataa kuingiza magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8. Tanzania haina katazo la namna hiyo, bali hutoza ushuru mkubwa zaidi kwa yaliyo makuukuu.

Matengenezo ya kweli huanza kwa kuushusha ubao wenyewe. Hufunguliwa vizuia jua, taa ya ndani, vishikio vya mikono na plastiki za nguzo, kisha mipira ya milango huvutwa pembeni. Kwa gari lenye mlango wa nyuma, kama Toyota Noah, ubao hutolewa kwa nyuma bila taabu. Kwa gari dogo la buti, viti vya mbele hulazwa na ubao hupitishwa mlangoni kwa subira, kwani ukikunjwa hubaki na mkunjo usiofutika.

Hapa ndipo penye hatari ambayo hata mafundi wazoefu huisahau. Magari mengi yaliyoundwa kuanzia miaka ya 2000 yana mifuko ya hewa iliyokunjwa pembeni mwa dari, na herufi SRS kwenye plastiki za nguzo ndizo zinazoitambulisha. Betri haina budi kufunguliwa na kuachwa kwa dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote. Wakati wa kurudisha, ubao usikazwe kwa skrubu wala kugandishwa kwa gundi kwenye kingo hizo, maana mfuko usiopata njia ya kufunguka haumwokoi mtu.

Ubao ukiwa nje, unga wote wa sponji husuguliwa kwa brashi ngumu hadi mkono upite bila kuchafuka. Kazi hii inachosha na ina vumbi, hivyo fundi afunike pua na mdomo. Fundi anayeiruka ili amalize kabla ya jioni atamrudisha mteja kwake.

Kitambaa kipya kiwe kile chenye sponji mgongoni. Kitambaa cha pazia huonyesha kila kovu la ubao, na si kila kitambaa cha nyumbani kinafaa mbele ya moto: Marekani, tangu mwaka 1972, kanuni yake namba 302 ya usalama wa magari inataka vifaa vya ndani visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika.

Gundi nayo iwe inayohimili joto. Hupakwa ubaoni na mgongoni mwa sponji, ikaachwa ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, kisha kitambaa hulazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, nusu moja baada ya nyingine. Gundi ikizidi hupenya na kuacha madoa. Kuizimua kwa petroli ni kualika moto, na hata isipozimuliwa, mvuke wake ukijaa mahali palipofungwa huwaka kwa cheche ndogo. Kazi ifanyike nje, kivulini.

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ni busara kungoja siku kavu. Gundi inapokauka huupoza uso iliopakwa, na hewa yenye unyevu mwingi huacha utando wa maji usioonekana ambao hudhoofisha mshiko.

Kabla ya ubao kurudi, bati la paa likaguliwe kwa kumwagiwa maji kutoka juu. Kutu pembezoni mwa kioo cha mbele, au mrija wa sanrufu ulioziba, huingiza maji yatakayoila sponji mpya kama yalivyoila ya kwanza. Panapovuja pazibwe kwanza, na kitambaa kiachwe walau siku nzima kabla ya gari kuegeshwa tena juani.