JASHO LA FUNDI NA FEDHA YA UMMA: SOMO KUTOKA ISTANBUL



Ndugu yangu katika imani, shule au zahanati ikijengwa mtaani kwenu kwa fedha ya umma, swali letu huwa moja: itakwisha lini? Leo nakuomba uongeze la pili: fedha ile inapita mikononi mwa nani?

Twende Istanbul. Mwaka 1550 Sultani Suleiman alianza kujenga msikiti mkubwa unaobeba jina lake, chini ya msanifu Sinan, ukakamilika 1557. Wengi tumeona picha za kuba lake. Wachache wanajua kwamba madaftari ya hesabu ya ujenzi ule yamebaki.

Mwanahistoria wa Kituruki, Ömer Lütfi Barkan, aliyachambua. Mafundi walioandikwa humo wanazidi 3,500: waashi, maseremala, wahunzi na wengineo. Takriban nusu yao walikuwa Wakristo. Tafakari hapo! Nyumba ya Allah inajengwa, na asiye Muislamu anaandikwa na kulipwa kwa ufundi wake.

Tusiipambe historia. Walikuwepo pia vijana wa jeshi la Sultani, na hata watumwa wa merikebu za makasia. Hilo la utumwa si la kuiga. Lakini zaidi ya nusu ya kazi ilifanywa na watu huru, kwa ujira.

Na faida haikuishia kwenye ujira. Kando ya msikiti zilijengwa madrasa, hospitali, na jiko la kuwalisha wanafunzi, wasafiri na maskini, vikiendeshwa kwa mapato ya wakfu.

Leo sheria za Kenya na Tanzania zinatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa makundi kama vijana, wanawake na wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini kikundi kikipewa kazi, kisha malipo yakakaa miezi, vijana wale watakimbilia mikopo ya riba. Tumewasaidia, au tumewatia shimoni? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Basi wewe uliyeko kwenye kamati ya ujenzi, kumbuka: daftari lako litafunguliwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa mkaguzi, mara ya pili mbele ya Mola wako. Na huko hakuna risiti ya kughushi.

Allah atujaalie tuwe waaminifu wa amana. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.