Orodha ya Vitabu Iliyotoka Katika Msiba

Wengi husema ya kuwa mitandao ya kijamii ni baraza la porojo tu, wala haina kazi darasani. Sisi nasi twayaona maovu yake. Lakini twataka kuwaeleza habari ya walimu na wakutubi wa Marekani waliolichukua baraza hilo wakalifanya shule. Kisha mpime wenyewe.

Tarehe 9 Agosti 2014, katika mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, polisi Mzungu alimpiga risasi kijana Mweusi, Michael Brown, mwenye umri wa miaka 18, naye hana silaha; akafa. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Bibi Marcia Chatelain, aliyekuwa akifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Georgetown, alijua ya kuwa wanafunzi watakuja na maswali. Akawaita walimu wenzake katika mtandao wa Twitter, ambao tangu mwaka 2023 waitwa X, kila mmoja ataje kitabu au habari ya kale ifaayo kufundishwa, na kutia alama #FergusonSyllabus, maana yake muhtasari wa masomo ya Ferguson. Kwa alama ile moja, maneno ya watu waliotawanyika mbali yakakusanyika mahali pamoja.

Kabla mwaka haujatimia, ukaja msiba mwingine, nao watugusa sana sisi Wakristo. Jioni ya tarehe 17 Juni 2015, waumini wa kanisa la Emanuel mjini Charleston, jimbo la South Carolina, walikuwa wamekusanyika kusoma Biblia. Akaingia kijana Mzungu, mgeni kwao, nao wakampokea. Akaketi nao yapata saa nzima. Kisha akatoa bastola akawaua watu tisa, na mchungaji wao, Clementa Pinckney, alikuwa mmoja wao.

Kanisa lile ni la Wakristo Weusi, nalo lilianza zamani za utumwa. Denmark Vesey, seremala aliyejikomboa kwa fedha yake, alikuwa mmoja wa watu wake. Mwaka 1822 alishitakiwa kwamba apanga maasi ya watumwa, akanyongwa, na jengo la kanisa likabomolewa. Mwaka 1834 makanisa ya Weusi yakakatazwa mjini, hata waumini wakawa wakisali kwa siri mpaka vita vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865. Asiyejua mambo haya angedhani ya kuwa uovu wa mwaka 2015 ulizuka ghafula, hauna mizizi.

Ndipo Bwana Chad Williams, aliyekuwa akifundisha historia wakati ule katika Chuo Kikuu cha Brandeis, alipoufuata mfano wa Ferguson, akaanzisha alama #CharlestonSyllabus. Watu wakaleta majina ya vitabu kwa maelfu. Lakini wingi si elimu. Mpunga hutoka shambani pamoja na makapi yake, wala haupikwi mpaka upepetwe. Kazi hiyo ya kupepeta waliifanya wanahistoria pamoja na wakutubi: wakachagua, wakapanga kwa mafungu, utumwa mahali pake, historia ya South Carolina mahali pake, na vitabu vya watoto mahali pake. Orodha ikawekwa wazi, kila mtu aisome bila kulipa. Hata mwaka 2016 University of Georgia Press ikapiga chapa kitabu cha maandiko yaliyochaguliwa, wahariri wakiwa Bwana Williams, Bibi Kidada Williams na Bibi Keisha Blain.

Basi, ndugu, twajifunza nini? Mtandao wajua kukusanya, haujui kupepeta. Mwalimu anayemwambia mtoto atafute habari katika simu, wala asimpe swali, ni kama mzazi amtumaye mtoto sokoni asimwambie anunue nini. Lakini akimpa swali, akamtaka alete kitabu kimoja na sababu ya kukichagua, na mkutubi akamwonyesha kutenganisha kweli na uvumi, hapo simu imekuwa chombo cha elimu.

Siku hizi habari za kutisha humfikia mtoto kabla hajamfikia mwalimu wake. Hatuwezi kuzizuia njiani. Tuwezalo ni kuwa tayari na kitabu mkononi, mtoto ajapo kutuuliza kwa nini.