Boti iliyotumika Ziwa Tanganyika: Ununue kwa dalali au uende mwenyewe?

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MKAZI wa Mpanda anayetaka kununua boti ya mbao iliyotumika, iwe ya kuvulia dagaa na migebuka au ya kubebea mizigo, hukabiliwa na swali moja kabla ya kulifikia ziwa: amtumie dalali au aende mwenyewe?

Swali hilo si dogo. Mialo ya Karema na Ikola, wilayani Tanganyika, iko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, na mwenye duka au mkulima wa mpunga hawezi kushinda huko akiulizia nani anauza. Aidha, anayekosea hapotezi fedha tu. Chombo kibovu huweza kuzama na watu, katika ziwa ambalo kina chake hufikia mita 1,470.

Dalali analipwa na nani?

Dalali mzuri huwafahamu wenye vyombo, hujua nani anataka kuuza, na humpunguzia mnunuzi safari. Tatizo ni namna anavyolipwa. Kwa kawaida hupata chake pale tu biashara inapokamilika, na mara nyingi kwa njia ya "cha juu". Kwa mfano, mwenye boti akitaka Sh5 milioni, dalali humtajia mnunuzi Sh6 milioni, na tofauti huwa yake. Mtu wa namna hiyo hana faida yoyote katika kukushauri uiache boti iliyooza.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamkataza wakala kujinufaisha kwa siri katika kazi aliyotumwa. Akifanya hivyo, aliyemtuma anaweza kuidai faida hiyo. Lakini kinga hiyo ni ya aliyemtuma. Kama dalali ametumwa na muuzaji, yeye si wakala wako. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza ni hili: umetumwa na nani?

Ukiwa na ndugu au mshirika anayeishi mwaloni na kuvielewa vyombo, huna haja ya dalali. Usipokuwa na mtu huko, dalali anaweza kukufaa, ila kwa kazi moja tu, yaani kutafuta. Patana naye ujira maalumu mapema, kwa maandishi, usiopanda kwa kuwa bei imepanda. Kazi ya kukagua mpe mtu mwingine.

Fundi ndiye jicho lako

Mtu huyo ni fundi wa boti, asiye na undugu wala ubia na muuzaji au dalali. Mlipe ujira wake hata kama boti haitanunuliwa, ili aweze kukuambia "hapana" bila hasara.

Wakati mzuri wa kukagua boti ya dagaa ni siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hutegemea mwanga wa taa kuwavuta samaki, hivyo mwezi unapong'aa vyombo vingi hupumzika nchi kavu. Fundi achokonoe mkuku na mataruma kwa kitu chenye ncha, hasa pale maji yanapotuama ndani. Mbao nzima hukataa ncha, iliyooza huipokea. Lami au rangi mpya isiwapumbaze, kwani huweza kuficha nyufa na kalafati iliyochakaa.

Kisha boti ishushwe majini na kuachwa kwa saa kadhaa. Boti iliyokaa juani huvuja kidogo mwanzoni kwa kuwa mbao zimekauka, lakini uvujaji upungue kadiri mbao zinavyovimba. Usipopungua, kuna kasoro. Kama kuna injini, iwashwe ikiwa baridi, na namba yake ilinganishwe na iliyo kwenye risiti.

Nyaraka kabla ya fedha

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, asiye na haki ya kuuza kwa kawaida hawezi kukupa umiliki, hata kama umelipa kwa nia njema. Katika ziwa linalopakana na Burundi, Kongo na Zambia, hilo ni jambo la kuzingatia. Onana na mwenye boti ana kwa ana. Linganisha jina lake na usajili na leseni katika ofisi ya uvuvi ya halmashauri, kisha uulize kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha mwalo husika kama kuna mgogoro. Kwa chombo cha abiria au mizigo, ulizia cheti cha ukaguzi kutoka Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililochukua kazi hiyo kutoka SUMATRA mwaka 2018.

Hati ya mauziano itaje chombo, namba ya injini, nyavu na taa zinazouzwa pamoja nacho, na isainiwe mbele ya mashahidi. Malipo yaende kwa mwenye boti mwenyewe, benki au kwa simu, ili ibaki kumbukumbu. Usimkabidhi dalali fedha za boti, hata akisema mwenyewe yuko safarini.

Kama mwenye boti yuko safarini, msubiri arudi. Dalali akikuharakisha kwa kusema yuko mnunuzi mwingine njiani, mwache huyo mwingine atangulie.