Hoja au Asili? Mgogoro wa Ushairi na Mwalimu wa Bara

Kila mwalimu wa fasihi amekutana na mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Vitabu vingi vinaueleza kuwa ubishi wa vina na mizani: wanamapokeo upande mmoja, wanamabadiliko upande wa pili. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika. Chini ya ubishi huo palikuwa na swali jingine: ni nani mwenye haki ya kuuhakiki ushairi wa Kiswahili? Je, ni Mzungu au Mwafrika? Ni mtu wa pwani au wa bara? Makala haya yanafuatilia historia ya swali hilo na kuonyesha jinsi asili ya mtu ilivyotumiwa mahali pa hoja.

Tuanze na Wazungu. Mnamo mwaka 1894, Carl Büttner alichapisha Ujerumani mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili. Mwaka 1940, William Hichens alihariri diwani ya Muyaka bin Haji, iliyochapishwa Johannesburg. Lyndon Harries alitoa kitabu chake kuhusu ushairi wa Kiswahili mwaka 1962, na Jan Knappert akafuata na vitabu kadhaa. Kazi hizi zilihifadhi mengi, na hilo hatuwezi kulikana. Hata hivyo, zilitegemea wenyeji. Tungo za Muyaka, kwa mfano, zilikusanywa na W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Mwenyeji alitoa tungo na kufafanua msamiati, lakini hukumu ya mwisho kuhusu thamani na chimbuko la tungo hizo ikabaki kwa mgeni. Aidha, baadhi ya wageni hao walisisitiza mno athari za Kiarabu, kana kwamba Mswahili hakuwa na chake.

Waswahili hawakunyamaza. Shihabuddin Chiraghdin aliihariri Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, iliyotoka mwaka 1971. Mohamed Abdulaziz alichapisha utafiti wake kuhusu Muyaka mwaka 1979. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), aliwapinga vikali wataalamu wa kigeni walioieleza fasihi ya Waswahili bila kuwaelewa wenyewe. Hata jina la kitabu hicho ni dai la umiliki. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Hasira ya watu wa pwani ilikuwa na sababu ya haki.

Kovu hilo lilikuwa bado bichi Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani yenye mashairi yasiyofuata urari wa vina na mizani. Mwaka 1976, M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Malenga wa Bara. Tazama majina haya: Malenga wa Mvita, Malenga wa Bara, na mwaka 1977 Malenga wa Mrima ya Mwinyihatibu Mohammed. Mahali anapotoka mshairi pakawa kama bendera yake. Katika mjadala uliofuata, baadhi ya wanamapokeo waliwaona washairi wapya kuwa watu walioshindwa na arudhi, wakaiga Wazungu waliowasoma vyuoni. Baadhi ya wanamabadiliko nao waliwaona wapinzani wao kuwa watumwa wa kaida za Kiarabu. Pande zote mbili zilimuuliza mtu alikotoka kabla ya kumuuliza alichosema.

Je, historia inauunga mkono mgawanyiko huo? Hapana. Ebrahim Hussein, mtu wa pwani ya kusini ya Tanzania, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mashairi huru. Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, naye aliandika mashairi huru katika Chembe cha Moyo (1988). Kwa upande wa pili, Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alishika vina na mizani na kuuendeleza utanzu wa ngonjera. Mwaka huo huo wa 1988, Wallah bin Wallah alitoa Malenga wa Ziwa Kuu, na ziwa hilo haliko pwani. Tena Chiraghdin wa Mombasa na Mnyampala wa Dodoma ndio walioandika pamoja Historia na Maendeleo ya Kiswahili, kitabu kilichochapishwa mwaka 1977 baada ya wote wawili kufariki.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaofundisha Sosiot na maeneo mengine ya majani chai. Wanafunzi wetu wengi ni Wakipsigis. Wengine ni watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya chai waliotoka Kisii, Nyanza na Magharibi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Anapokutana na shairi lenye msamiati wa Kimvita, mwanafunzi huyu husema kwa haraka kwamba hilo ni la wenyewe wa pwani. Akiishaamini hivyo, huacha kulihakiki. Huhesabu mizani, hutaja vina, kisha hukalia mikono. Tukimwachia imani hiyo, tutakuwa tumeuhamishia mgogoro wa miaka ya 1970 darasani.

Mwalimu afanye nini? Kwanza, awaeleze wanafunzi kuwa malalamiko ya Waswahili yalikuwa ya haki. Mhakiki asiyeijua lahaja wala mila ya shairi hana budi kujifunza kabla ya kuhukumu, awe ametoka London au Sosiot. Pili, awafundishe kuwa ujuzi huo hupatikana kwa kusoma, haurithiwi kwa damu. Tatu, mwanafunzi anapotoa maoni, aulizwe ushahidi wake uko katika ubeti upi. Swali hilo halina kabila wala rangi, na mtoto wa Belgut anaweza kulijibu sawa na mtoto wa Mvita.