Ukuta uliolinda vikombe vya Arklow

Toleo hili nawapeleka mbali, mpaka Ayalandi, kwenye mji mdogo wa pwani unaoitwa Arklow, kusini ya Dublin. Mtauliza, sisi na Ayalandi wapi na wapi? Ngojeni. Ni habari ya vikombe na sahani, lakini inatuhusu, hasa sisi tunaofanya kazi na vijana.

Arklow ulikuwa mji wa wavuvi na mafundi wa mashua. Mwaka 1895 kampuni ya Kiingereza, Kynoch, ikaleta pale kiwanda cha baruti. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kazi ilikuwa nyingi kabisa, juu vita inakula baruti kila siku. Mwaka 1917 ukatokea mlipuko, wafanyakazi 27 wakafa. Kisha vita ikaisha, baruti ikakosa mnunuzi, kiwanda kikafungwa. Mji ukabaki na nyavu zake.

Mwaka 1922 sehemu kubwa ya Ayalandi ikapata serikali yake. Lakini kiwanda cha vyombo vya udongo chenye jina kubwa, Belleek, kilichoanza 1857, kilibaki ng'ambo ya mpaka mpya, Ayalandi ya Kaskazini, chini ya Uingereza. Mwaka 1932 Éamon de Valera akaingia madarakani na siasa ya kujitegemea. Waziri wake wa viwanda na biashara, Seán Lemass, akaweka ushuru mkubwa juu ya bidhaa za nje. Sheria ya mwaka huo huo ikataka viwanda vipya viwe mikononi mwa wananchi. Huo ndio ukuta. Ndani yake, mwaka 1934, kikazaliwa kiwanda cha Arklow Pottery.

Kikombe kimoja kinapita mikono mingi. Udongo unasafishwa, unatiwa kwenye kalibu, unakauka, unachomwa. Kinapakwa maji yanayogeuka kioo motoni, kinarudi tena kwenye tanuru, kinatiwa maua. Kwa hiyo mamia ya watu walipata mshahara pale, na vikombe vya Arklow vikaingia katika nyumba nyingi za nchi.

Sasa sikilizeni hapa. Desemba 1965 Lemass yule yule, sasa akiwa waziri mkuu, alitia sahihi mkataba wa biashara huria na Uingereza. Aliyejenga ukuta ndiye aliyeanza kuubomoa. Kuanzia 1966 ushuru ulipunguzwa kidogo kidogo. Mwaka 1973 nchi ikaingia Jumuiya ya Ulaya. Mwaka 1977 Noritake, kampuni ya Japani, ikachukua kiwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa.

Kuna watakaosema ukuta ulikuwa kosa tangu mwanzo. Mimi sikubali. Bila ukuta, vyombo vya Stoke-on-Trent, mji wa Uingereza uliofinyanga kwa vizazi vingi, vingekizamisha kile kiwanda kichanga siku ya kwanza. Mishahara ile ililea watoto. Ila nchi ilikuwa na watu kama milioni tatu tu. Ukiwauzia watu wachache wasio na pengine pa kununua, unajifunza kutengeneza, lakini hujifunzi kugombania mteja. Hilo ndilo ninaloliona.

Hapa kwetu nimeona kikundi cha vijana wa sabuni. Shirika moja lilinunua sabuni yao yote, kila mwezi. Sabuni ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Mradi ulipoisha, mama wa sokoni hakuwa ameisikia hata jina. Vijana walikuwa na ufundi mkononi na katoni zimejaa chumbani.

Ndiyo maana katika kikundi ninachofuatana nacho sasa, swali la mwezi wa kwanza ni hili: shirika likiondoka, nani atanunua? Kila wiki sehemu ya kazi lazima iende sokoni, hata kama faida ni ya chumvi tu. Wanalalamika, wanasema kaka, shirika si lipo? Lipo, nawajibu, na Lemass pia alikuwepo.

Lakini lawama zote zisiwaangukie vijana. Ayalandi walitangaziwa: ushuru utashuka, mwaka kwa mwaka. Arklow kiliishi zaidi ya miaka 30 baada ya ule mkataba. Sisi ukuta wetu unaanguka kwa barua moja ya Ijumaa, na Jumatatu ofisi imefungwa. Kwa wanaotusaidia nina ombi moja. Mnapoleta mradi, tuambieni siku ile ile ya uzinduzi utaisha lini na utapungua vipi. Vijana wakijua tarehe, watajua pia lini waanze kuzunguka sokoni.